Soko la Maneno la Darasa la Sita

Walimu wenzangu vijana, mumeniomba niandike miaka yangu thelathini na mitatu ya kufundisha Kifaransa. Nimehesabu mara mbili. Ni thelathini na miwili na nusu, kwa sababu nusu mwaka nililima maharagi kwa mama yangu kule Musienene, maaskari wakilala ndani ya darasa langu. Juu ya vyeo sitaandika: nilipewa kimoja, nikakirudisha kabla hakijanizoea. Juu ya mshahara pia hapana, maana mtu anasimulia kitu alichokiona. Nitaandika juu ya maneno, na namna ya kumtayarisha mtoto ili maneno yasimwangushe siku ya mtihani wa taifa. Na nitaandika juu ya kosa langu moja, lile kubwa. Madogo mumeshayaona wenyewe.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Beni. Préfet, mkuu wa shule, alinipa wanafunzi hamsini na wawili, madawati kumi na saba, na kipande cha chaki chenye urefu wa kidole. Katika darasa la pembeni alifundisha Maître Kakule, mzee aliyeanza kazi kabla sijazaliwa. Alikuja kunisalimia, akakitazama kile kipande, akakivunja vitatu. Vipande viwili alinirudishia, cha tatu akakitia mfukoni.

"Hii moja iko ya kulipa conseil," akasema. "Conseil, shauri yenyewe, ni hii: neno yenye mutoto hajatumikisha, hajaipata. Ameiazima tu."

Ni yeye aliyenionyesha kukata kadi kutoka karatoni za sabuni kwa wembe. Upande mmoja unaandika neno la Kifaransa, upande wa pili unauacha mtupu. Nilimuuliza kwa nini. Alisema upande wa pili ni wa mtoto. Nilifanya kazi naye miaka minane, na kila nilipomletea chaki nzima aliivunja vipande vitatu.

Vita ilipofika Beni nilikimbilia Butembo na nguo za siku mbili na kopo la bati la biskuti lililojaa kadi. Wengine walibeba godoro. Kadi zilikuwa mia tatu na kumi na mbili nilipotoka, na mia tatu na kumi na mbili nilipofika, jambo ambalo magodoro mengi hayawezi kusema. Shule moja ya mtaani ilinipa darasa la sita la sekondari, finalistes, watoto wanaongoja mtihani wa taifa. Mwaka ule tulifunga mara nne kwa sababu ya masasi ya bunduki. Mimi ninahesabu tano, kwa sababu siku moja tulifungua na kufunga kabla ya mapumziko ya récréation.

Nyinyi mnaujua mtihani: swali moja, majibu matano, unachagua namba moja tu. Kwenye Kifaransa, kilichokuwa kinawaangusha watoto wetu ni maana ya maneno. Juma la kwanza niliwauliza maana ya neno "prodigue". Darasa zima, Wakatoliki na Waprotestanti, kwa sauti moja iliyounganisha makanisa, walisema ni mtu aliyepotea halafu akarudi nyumbani. Ile hadithi ya mwana mpotevu, ambaye kwa Kifaransa anaitwa fils prodigue, wote walikuwa wameisikia tangu ubatizo. Kumbe neno lenyewe linamaanisha mtu anayetapanya mali. Kupotea na kurudi ni mambo yaliyompata baadaye.

Sasa mimi ni mtoto wa mwanamke aliyeuza maharagi Musienene siku zote za soko. Nilikulia chini ya meza yake. Nikawaambia: maana ya kwanza inayokuja kichwani ni bei ya kwanza ya muuzaji. Nani hapa Butembo anakubali bei ya kwanza? Wakacheka. Hakuna aliyekubali hata siku moja. Mtu angekubali, muuzaji mwenyewe angeumwa na tumbo kwa wasiwasi. Basi, nikasema, hata kwa maneno ni hivyo. Ikataeni kwanza. Ishusheni.

Hapo ndipo soko la maneno lilipoanzia. Kila asubuhi, robo saa kabla ya somo la kwanza, mwanafunzi anasimama na kadi yake: niko na neno hili, nani ananunua? Wengine wanaitika kwamba wanataka sentensi. Anatoa sentensi ya Kifaransa yenye neno lile, tena ya maisha yetu, si ya kitabu. Kama haisimami, wanamzomea na anakaa na mali yake. Kama inasimama, mmoja ananunua kwa kadi yake, na anayetoa sentensi nzuri kuliko ya muuzaji anachukua bure. Siku moja Kambale mmoja (nilikuwa na Kambale wanne) aliuza "tarir", kukauka kwa maji, akisema kwa Kifaransa kwamba chemchemi ya nyuma ya kanisa ilikauka mwezi wa saba. Wote walikuwa wamepanga madumu pale. Alinunuliwa papo hapo.

Aliyewashinda wote katika soko lile ni Katungu, binti wa Mzee Mbusa wa Musienene, mlimaji wa viazi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na hakuna neno alilonunua kwa sentensi ya kwanza. Alimfanya muuzaji arudie mara tatu. Mwisho wa mwezi wa pili alikuwa na kadi sitini na moja mkononi, na wenzake wakaja kulalamika kwangu kwamba soko limekufa. Nikamwamuru azirudishe. Alirudisha hamsini. Tulibishana, tukaishia hamsini na tano.

Mwisho wa mwaka ule, mtihani haukuja. Karatasi zilikuwa Kinshasa, sisi tulikuwa huku, na katikati ilikuwa vita. Akatokea bwana mmoja mwenye mkoba, ametumwa na wakubwa wa waasi waliokuwa wanatutawala siku zile. Alisimama mbele ya darasa akaeleza kwamba wao watafanya mtihani wao wenyewe, hapa hapa, na diplôme yao, cheti chao wenyewe. Maswali yatakuwa mepesi. Watapita wote. Alitaka majina kabla ya saa sita.

Nilimuuliza diplôme ile itafika mpaka wapi. Akasema itaheshimiwa sehemu yote ya kwetu.

"Lubero?"

"Bila shaka, Madame."

"Na Kisangani? Na Kinshasa?"

Akasema mambo ya siasa yatatengenezeka kidogo kidogo.

"Donc ni diplôme ya kuenda nayo kwa miguu na kurudi mbele ya giza," nikasema. "Tutangojea ile ingine."

Aliandika jina langu kwenye karatasi, na nikamsaidia kuliandika vizuri. Wazazi walikutana, wakabishana tangu misa mpaka jioni, na wengi wakakubali: watoto warudie mwaka, tungoje mtihani wa kweli. Ilikuwa rahisi kwangu kusema. Mimi diplôme yangu nilikuwa nayo.

Mzee Mbusa hakuwa katika wale wengi. Alinikuta mlangoni baada ya mkutano. Kulikuwa na mwanaume wa Manguredjipa, wa biashara ya zaabu, dhahabu ya machimbo, aliyekwisha kuleta mbuzi wawili wa kwanza wa posa. Wengine wangefuata. Mzee alikuwa amemwambia asubiri mtihani upite, na sasa mtihani wenyewe hauonekani.

"Madame Masika, mbuzi hainaga uvumilivu ya kungojea," akaniambia. "Afanye hii ya hapa, apate karatasi, aende kwa bwana yake."

Nilimwomba mwaka mmoja. Nilimwambia binti yake ndiye mwenye kichwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufundisha, na kwamba kwa mtihani wa kweli atapita, hakuna shaka, ataenda chuo kikuu. Nilisema "hakuna shaka". Muuzaji akisema hivyo mimi mwenyewe ninaondoka mezani. Mzee alikubali. Akasema mwaka mmoja, na kama hakupita, hatanisikiliza tena juu ya jambo lolote.

Mwaka wa pili tulisoma kama watu wenye hasira. Magazeti ya zamani yaliyofungiwa mandazi tuliyanyoosha na kuyasoma mafuta yakiwa juu yake. Kadi zilifika mia tano na nne. Masasi yakilia upande wa chini, tulilala chini ya madawati na soko likaendelea hapo chini, maana kwa kuuza neno huhitaji kusimama. Préfet aliniambia ninawachosha watoto. Nikamwambia waulize wao. Hakuwauliza.

Mwezi mmoja kabla ya mwisho wa mwaka tulipata habari kwamba safari hii mtihani unakuja. Ndege ingetua Rughenda, uwanja wetu wa ndege, na masanduku yaliyofungwa kwa lakiri. Miaka ile ndege nyingi zilitua Rughenda, lakini hii ilikuwa ya kwanza iliyoleta kitu cha kusoma. Nikatengeneza mtihani wa kujaribu: maswali arobaini ya maana ya maneno, majibu matano kila moja. Wanafunzi walikuwa ishirini na sita. Nilipoanza kusahihisha niliona walioanguka ni wengi kuliko nilivyotarajia, na walioanguka vibaya ni wale wale hodari.

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Jibu la kwanza lilikuwa sahihi katika maswali tisa. Katungu hakulichagua hata mara moja. Sio mara moja katika maswali arobaini. Nikatazama karatasi za wengine: ishirini na watatu kati ya ishirini na sita walikuwa karibu hivyo hivyo. Walikuwa wanasoma jibu la kwanza, wanalikataa kama bei ya kwanza, na wanaendelea kushuka mpaka la tano, wakitafuta punguzo. Nilikuwa nimewafundisha hivyo mwenyewe, miaka miwili, kila asubuhi. Ninafikiri hakuna mji mwingine duniani ambako kosa hilo lingewezekana.

Kesho yake niliwaambia ukweli. Niliwaambia kuna vitu sokoni ambavyo bei ya kwanza ndiyo ya mwisho. Chumvi, kwa kipimo chake. Sanduku la maiti: nani amewahi kumwona mtu akibishania sanduku la maiti? Mwaka ule wengi walikuwa wamenunua. Katungu aliinua mkono akauliza mtu atajuaje kama yuko mbele ya maharagi ama mbele ya chumvi. Nikajibu: tia lile jibu ndani ya sentensi. Ikisimama, chukua, hata kama ndilo la kwanza. Tulijizoeza majuma matatu. Wengi walibadilika. Katungu alisema amebadilika, na katika majaribio yangu alikuwa anachagua la kwanza mara kwa mara, uso ukiwa kama wa mtu anayemeza kinini.

Kituo cha mtihani cha option yetu, mchepuo wetu, kiliwekwa Beni. Siku moja kabla ya mtihani nilipata lori la mfanyabiashara wa viazi, tukapanda juu ya mifuko, ishirini na sita na mimi. Katungu alipakata kopo la kadi magotini. Katikati ya njia tulifika kwenye kizuizi, kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili. Mkubwa wa pale alikuwa kijana mwenye redio shingoni. Alipanda gurudumu, akaona kopo, akalifungua.

"Oyo nini?" akauliza kwa Lingala, hii ni nini. Akaanza kusoma kadi moja moja kwa sauti. "Trêve. Embuscade. Insoumis." Akanigeukia. "Mama, nani anawapatia hizi maneno?"

Nikamwambia ni maneno ya mtihani wa Kifaransa: trêve ni kusimamisha vita, embuscade ni kumvizia adui njiani.

"Mutihani iko na embuscade?"

"Kila mwaka, chef."

Hakucheka. Alisema hizo ni alama za siri za watu wa upande mwingine. Halafu akatoa bei yake: gari lipite, watoto wapite, kopo libaki, na msichana aliyelipakata abaki nalo mpaka kesho, amfafanulie maneno yale. Kesho, saa mbili ya asubuhi, ndio mtihani ulikuwa unaanza. Na juu ya usiku wa katikati hakusema kitu.

Hapa ninaandika kitu ambacho nimemwambia mtu mmoja tu. Mimi nilifungua mdomo kutaja bei ya pili. Nilikuwa nimekwisha kuipanga kichwani: kopo, na saa yangu ya mkono, na labda mimi mwenyewe nibaki mahali pake. Mazoea ya maisha yote. Mtu akitaja bei, mkono wangu unaanza kushusha.

Katungu alinitangulia kusema.

"Hapana," akasema. "Mimi sibaki, chef. Hii bei hapana ya kushusha."

Akashuka kutoka lori, akaenda kukaa chini katikati ya barabara, mbele ya ile kamba. Maaskari wawili walishika bunduki vizuri. Yeye akainua sauti ile ile ya darasani: niko na neno "insoumis", asiyekubali kutawaliwa, nani ananunua? Kambale mmoja alishuka, akaomba sentensi. Wakashuka wote, wakakaa vumbini mistari mitatu kama darasani, na soko likafunguliwa. Mimi nilishuka mwisho, nikasimama mbele yao kama siku zote.

Sikujua itachukua muda gani. Ilichukua muda wa magari kumi na moja. Nyuma yetu barabara ilijaa: lori za makaa, pikipiki, akina mama wa tomate na sombe, majani ya muhogo, wanaowahi soko. Mwanzo walitutukana sisi. Walipoelewa habari, wakageuka. Mama mmoja mnene, amefunga kitenge cha kanisa, alienda mpaka kwenye uso wa yule kijana.

"Chef, sombe yangu ikikauka utakula weye? Acha batoto baende kwa mutihani. Weye mutihani yako ulifanyia wapi?"

Watu wakacheka, na dereva mmoja akapiga honi, halafu wote wakapiga. Kila gari lililosimama lilikuwa halijalipa ada ya kupita. Nilimwona yule kijana anaitazama foleni, midomo ikisogea. Ninamjua mtu anayehesabu. Alihesabu mara mbili, akawaambia askari wake washushe kamba.

"Mupite," akasema. "Muko na makelele mingi."

Kopo alibaki nalo. Hatukubishana.

Mtihani ulichukua siku nne. Siku ya Kifaransa nilingoja nje ya ukuta pamoja na wauza maji. Wenzake walitoka wanapiga kelele. Katungu alitoka nyuma yao, taratibu, akaja kusimama karibu nami.

"Madame, nilikuwa ninaona," akasema. "Iko pale, namba moja. Ninaona ni yenyewe. Mukono inakatala."

Nikamuuliza mara ngapi. Alihesabu kwa vidole, akarudia. Mara sita.

Matokeo yalisomwa kwenye redio mwezi mmoja na nusu baadaye. Tulikaa uani kwa préfet, watu kama arobaini juu ya redio moja. Kati ya ishirini na sita walisoma majina ishirini na moja. Jina lake halikusomwa. Mtihani una masomo mengi na mtoto anaweza kuanguka kwa njia nyingi, wenzangu waliniambia hivyo kunifariji. Sikufarijika. Nilizijua zile mara sita zimetoka wapi.

Jumatatu Mzee Mbusa alifika nyumbani kwangu, kofia mkononi, Katungu nyuma yake. Nilijua amekuja kwa nini, na yule wa Manguredjipa alikuwa ameongeza mbuzi wa tatu. Nilimpa kiti. Hakukaa.

"Miaka mbili, Madame," akasema. "Mulisema hakuna shaka."

Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, kazi yangu ni maneno. Niliacha yote. Nikamweleza juu ya bei ya kwanza, tangu "prodigue" mpaka zile mara sita. Nikamwambia binti yake hakuanguka kwa ujinga. Mimi ndiye nilimtia tabia ile mkononi na nimeshindwa kuitoa kwa majuma matatu. Kosa ni langu. Kama anataka kunitukana, mlango uko wazi na majirani wako karibu.

 Katungu akasema, akitazama sakafu, kwamba ile diplôme ya hapa ingempitisha bila kumuuliza kitu, na kwamba yeye anataka kurudi kufanya mtihani huu huu uliomkataa.  Baba yake alikuwa ananitazama mimi.

"Ile siku ya barrière ya kamba," akasema. "Mama wa sombe ni muke wa ndugu yangu. Alinihadisia yote. Ule askari alitaja bei, na mutoto akakatala."

"Ndiyo, Mzee."

"Na weye mwalimu? Ulisema nini?"

Ningeweza kudanganya. "Mimi nilikuwa ninatafuta bei ya pili," nikasema.

Aligeuza kofia mkononi, mara moja, mara mbili. Nje watoto wa jirani walikuwa wanaimba.

"Mbuzi nitazirudisha," akasema. "Mwaka moja tena. Mufundishe kuandika namba moja kama ni namba moja. Lakini ile kitu ingine, Madame, usiitoe ndani yake."

Mwaka uliofuata Katungu alipita. Ile kitu ingine sikuigusa.